Alama za Chini, Akili Nyingi

Mwaka 2001 Profesa Frederick Okatcha, mwanasaikolojia wa elimu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Robert Sternberg wa Marekani na wenzao walichapisha utafiti ambao kila mwajiri wa katikati ya jiji la Nairobi angepaswa kuufahamu. Watoto Waluo 85 kutoka magharibi mwa Kenya waliulizwa maswali kuhusu dawa za mitishamba zinazotibu maradhi ya kwao, kisha wakapewa majaribio ya msamiati. Waliozijua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini katika msamiati. Watafiti walieleza kwamba huenda familia nyingi, zikiona shule haiahidi mengi, ziliwaelekeza watoto kwenye maarifa ya kuwafaa nyumbani. Kwa maoni yangu, basi, alama hueleza mtoto ametumia wapi muda wake. Kikomo cha akili yake, alama hizo hazikionyeshi.

Kuna watakaosema watoto 85 ni wachache, tena mitishamba hailipi kodi ya nyumba. Ni kweli, na Kiingereza na hesabu vitaendelea kufungua milango mingi mjini. Lakini pale Luthuli Avenue, jijini Nairobi, fundi anayefufua simu iliyokufa anapima, anakisia na kusahihisha kosa lake papo hapo, na hiyo ni kazi ya akili hasa. Kwa hiyo mwajiri anaweza kumpa anayeomba nafasi kazi yenyewe aifanye kwa saa moja, kabla ya kufungua bahasha ya vyeti.