Je, Uliupasua Moyo Wake?

Ndugu yetu mmoja wa pwani, anayefanya biashara Bahati, upande wa Nakuru, ametuletea swali. Jirani zake wengi ni Wakristo. Walipokuwa wakizungumza khabari za Wakristo wanaokimbia makwao kwa kuogopa kudhulumiwa kwa ajili ya dini, mmoja alimwuliza: “Akija mtu aliyemkimbia mtawala Muislamu, nyinyi mtampokea, au mtasema ni mwongo?”

Twajibu: kumpa amani ni wajibu, hata ikiwa dhalimu wake aitwa kwa jina letu. Mwezi wa Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Uganda katika utawala wa Idi Amin, naye Amin alikuwa Muislamu. Askofu Festo Kivengere na mkewe wakakimbilia Rwanda. Tusijifariji kwa kusema, “Ilikuwa siasa tu.” Amin alipoanguka mwaka 1979, Waislamu wa Bushenyi nao waliuawa kwa makosa yasiyokuwa yao. Dhulma haichagui msikiti wala kanisa.

Wengine husema kwamba wapo wanaojifanya waumini ili wapate makao. Kweli, wapo. Lakini Usama bin Zayd alipomuua vitani mtu aliyekwisha tamka shahada, akadai kuwa alitamka kwa hofu tu, Mtume s.a.w. alimwuliza kama aliupasua moyo wake akaona. Basi hakimu na apeleleze hatari: nani aliyemtisha, wapi, na lini. Ama kumsaili mkimbizi aya za Biblia kama mwanafunzi wa chuoni, huko si kupima imani. Mcha Mungu asiyejua kusoma atashindwa, na mjanja aliyekariri atafaulu.

Tena tukumbuke tulikotoka. Yapata mwaka 615 Masahaba walidhulumiwa Makka, wakakimbilia Uhabeshi. Makureshi walituma wajumbe na zawadi ili warudishwe. Najashi, mfalme Mkristo, aliwasikiliza kwanza wakimbizi wenyewe, kisha akakataa kuwatoa. Na Sura ya Tawba yatuamrisha kumlinda hata mshirikina aombaye amani, na kumfikisha mahali pa salama. Je, Mkristo atastahili chini ya hayo?

Basi ndugu yetu wa Bahati na amwambie jirani yake: “Mtu wenu akija, tutamsikiliza kama Najashi alivyotusikiliza sisi. Deni hilo lingali shingoni mwetu.” Na akishasema, naye ajiandae kulilipa.

Wabillahi tawfiq.