Kijiti na Umri wa Wimbo

Neno zilipendwa limebeba wakati uliopita. Ile -li- inasema jambo limekwisha: nyimbo hizi zilipendwa zamani, na watu wa zamani. Lakini upigwe wimbo wa Mbaraka Mwinshehe ukumbini usiku wa harusi, uone nani anainuka. Hawainuki wazee peke yao. Wamo vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya ajali ya gari iliyomuua mwanamuziki huyo Januari 1979, na kiitikio wanakijua.

Wapo wanaoamini kuwa muziki wa kupendwa na wengi hauwezi kushinda wakati, kwa sababu hutungwa kwa ajili ya leo: uvumi wa mtaani, ugomvi wa wapenzi, tukio la wiki hii. Kinachodumu, wanasema, ni kile kinachogusa mambo ya milele. Hoja hiyo inavutia, lakini Unguja wanalo jibu lake.

Jibu ni wimbo uitwao Kijiti. Unasimulia kisa cha kweli cha enzi za ukoloni: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mjamzito, alikwenda Unguja kutembea, akatoka usiku na wenyeji wake kwenda ngomani, akauawa. Mtuhumiwa, Kijiti, akavuka bahari kwenda bara. Wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa, kwa kosa la pombe. Hapo hamna falsafa wala malaika. Kuna majina ya watu, chupa za pombe na mahakama iliyowageuka mashahidi.

Aliyeuvumisha wimbo huo ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyewahi kutembeza vyungu vya mama yake akinadi kwa sauti njiani. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, zile ngumu zilizovunjika upesi, upande mmoja ukichukua dakika kama tatu tu. Siti alifariki mwaka 1950. Bi Kidude, aliyejifunza nyimbo zake tangu utotoni kwa kumsikiliza, aliendelea kuimba Kijiti hadi uzeeni, na mwenyewe akafariki Aprili 2013. Kwa hiyo kisa cha mtaa mmoja kilipita vinywani mwa watu kwa miongo mingi, hata walipokwisha wote waliomjua marehemu kwa sura.

Ni kosa basi kudhani kwamba wimbo huzeeka kwa kuwa na tarehe. Kijiti umedumu kwa sababu ya hayo majina na zile chupa. Msikilizaji wa leo haelezwi kwamba dhuluma ni mbaya. Anaonyeshwa shahidi anayekwenda kufungwa na muuaji anayepanda chombo, na hasira inamjia yenyewe.

Hata hivyo, wimbo kudumu ni jambo moja, na mtungaji kufaidika ni jingine. Wimbo wa Malaika ulirekodiwa na Fadhili William, ukaimbwa na Miriam Makeba, Boney M wakaurekodi mwaka 1981, Angélique Kidjo mwaka 1991. Huko nyuma Adam Salim alidai kuwa yeye ndiye aliyeutunga, na ubishi huo haujapata kuisha. Wimbo ulizunguka dunia. Haki ya aliyeutunga ikabaki njiani.

Tena wakati hauchagui kwa haki. Kabla ya Siti, na katika siku zake, wako waimbaji wa ngoma na wa harusini ambao hakuna kampuni iliyowapeleka Bombay, wala msichana aliyeketi karibu nao akiyashika maneno. Huenda walikuwa na nyimbo nzuri kuliko hizi. Zimepotea, na kupotea huko hakuthibitishi kwamba zilikuwa hafifu.

Muziki wa watu hudumu pale anapopatikana mtu wa kuupokea. Kijiti alivuka bahari akaiponyoka mahakama ya Unguja. Wimbo bado unamtaja kwa jina.