Mpiga Santuri na Deni la Shukrani

Mtu apelekaye zawadi ya mwenzake hushukuriwa mlangoni kana kwamba ni yake. Mpiga santuri wa redio yu katika hali hiyo kila siku. Wimbo hakuutunga wala gitaa hakulipiga. Lakini msikilizaji wa Mgeta, aliyenunua betri kwa fedha ya mboga, humshukuru yeye, maana ndiye aliyemsomea salamu zake. Je, shukrani hiyo ni halali yake?

Morogoro pana haki ya kuuliza. Chini ya milima ya Uluguru walipata sifa Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Zama za Mbaraka, Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi katika mikanda yake, na mikanda ikabaki ghalani mwake. Mwanamuziki alirudi nyumbani na jina. Watu waliujaza ukumbi wa dansi kwa kuwa jina hilo walikwisha kulisikia redioni. Basi mtangazaji aliyeacha kulitaja alizuia ujira wa mtu. Wako wasemao kuwa msikilizaji hutaka ngoma, si majina. Mlaji naye haulizi jina la mkulima, lakini deni la mkulima halifutiki kwa sababu hiyo.

Hata hivyo mtangazaji si bomba lipitishalo maji tu. Mawimbi ya FM hupita kwa kunyooka, na mlima huyakinga. Yako mabonde nyuma ya Uluguru ambamo kituo kikisikika ni bahati. Huko achaguaye wimbo huwachagulia watu wote, na uchaguzi mwema ni kazi istahiliyo shukrani yake yenyewe. Kwa kazi hiyo Julius Nyaisanga, aliyeitwa Anko J, alijulikana nchi nzima tangu Radio Tanzania hata Radio One, akamalizia utumishi wake katika Abood Media mjini Morogoro, alikofariki Oktoba 2013.

Salum na Mbaraka hawawezi tena kudai. Wimbo wao upigwapo leo mjini humo, hapana wa kuwatajia jina ila yule aliyeshika mtambo, naye ana nusu dakika kabla ya tangazo la biashara.