Wazo la Leo: Kulegeza Kabla ya Kuinua

Mashua ya mbio ya mtu mmoja iitwayo ILCA, ambayo kabla ya 2019 ilijulikana zaidi kwa jina la Laser na ambayo hutumika katika Michezo ya Olimpiki tangu 1996, ina tanga moja tu na haina mkuku mzito wa kuizuia isilale, kwa hiyo uzito unaokabiliana na upepo ni mwili wa baharia mwenyewe anayeegemea nje ya ubavu. Kupinduka, basi, ni sehemu ya mchezo, na kuiinua mashua ni stadi inayofundishwa mapema. Baharia hulegeza demani, yaani kamba inayoongoza tanga, kisha hupanda juu ya ubao wa kati, ambao huchomekwa chini ya mashua ili isisukumwe upande, hushika ukingo na kujivuta nyuma polepole hadi mlingoti uinuke. Akisahau demani, tanga hujaa upepo mara linapotoka majini na mashua hupinduka tena. Aliyeanguka hana budi kwanza kulegeza kilichomwangusha, ndipo atumie uzito wake kujiinua, kwa maana nguvu isiyo na utaratibu humrudisha majini.