Nabii Elia chini ya kijiti

Ninyi mnaojiweka tayari kupokea Ubatizo, leo nataka kusema nanyi juu ya mtu asiyelala usiku.

Mnamjua. Mihogo yake imeharibika shambani, mwanawe amerudishwa nyumbani kwa kukosa fedha ya shule, deni la mahari halijaisha. Mchana afanya kazi bila kuona akifanyacho. Usiku ajigeuza-geuza kitandani, moyo ukimpiga kama ngoma. Kichwa chamuuma, tumbo lakataa chakula, hasira yawaangukia mke na watoto. Siku zikipita, jirani aja kumnong'oneza: «Ndugu, hii si bure. Kuna mtu.» Ndipo aenda kwa mlaguzi, na mlaguzi ataja jina la mama mzee, mjane asiye na wa kumtetea. Hivyo mahangaiko ya mtu mmoja yazaa dhambi ya kijiji kizima.

Sikilizeni basi. Mateso haya hayana mchawi. Mungu alituumba hivi: mtu akikuta nyoka njiani, tezi mbili ndogo zilizo juu ya mafigo yake humwaga maji yenye nguvu katika damu, moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, miguu hupata nguvu ya kukimbia. Ni kipaji chema. Nyoka akienda zake, mwili hutulia. Lakini deni haliendi zake kama nyoka. Lalala nawe, laamka nawe, na mwili wako hukimbia hali wewe umeketi. Mwaka 1936 daktari Hans Selye, aliyefanya kazi mjini Montreal katika nchi ya Kanada, alieleza jinsi mwili unavyojikaza mbele ya mateso ya kila namna, na jinsi unavyochoka mwishowe yasipokoma. Aliyaona hayo katika panya. Je, panya nao walirogwa?

Labda mtasema: Mkristu wa kweli hahangaiki, maana anamtumaini Mungu. Twaeni habari za nabii Elia katika kitabu cha kwanza cha Wafalme. Mtu huyu aliwashinda manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli. Kisha malkia Jezabeli akaapa kumwua, naye akakimbia. Alimwacha mtumishi wake Beer-Sheba, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya kijiti, akaomba kufa. Elia, nabii mkubwa!

Na Mungu alimtendea nini? Hakumkaripia. Hakumwambia kwamba imani yake ni haba. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya mawe ya moto, na mtungi wa maji. Elia akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili akamlisha. Usingizi mara mbili, chakula mara mbili. Ndipo safari ya siku 40 mpaka mlima Horebu. Huko Mungu alimwuliza habari zake, akamwacha aseme uchungu wake wote, akamwuliza tena, akamsikiliza tena. Baadaye akampa mwenzi, Elisha, asiendelee peke yake.

Utazameni utaratibu huo, kwa maana sisi twaugeuza. Sisi twataka kumaliza mambo yote kwanza, halafu tulale. Mtu mzima ahitaji saa 7 za usingizi au zaidi, naye akijinyima hizo, shida ndogo humwonekania kama mlima. Wengine huutafuta usingizi ndani ya lutuku. Lutuku humwangusha mtu, haimpumzishi: aamka kabla ya jogoo, kinywa kikavu, moyo ukimpiga zaidi, na fedha ya kulipa deni imepungua. Afadhali sala ya jioni isemwe polepole, pumzi ikitoka ndefu kuliko ilivyoingia, kwani pumzi ya namna hiyo huutuliza moyo. Huu si uganga. Ndivyo mwili ulivyofanywa na Muumba wake.

Tena, shida zigawanyeni. Waisraeli jangwani waliokota mana ya siku moja. Waliyojaribu kuiweka hata kesho ikaingia mabuu na kunuka. Ujiulize vivyo hivyo: leo naweza kufanya nini? Pengine ni kwenda kwa baba mkwe na kumwomba muda mbele ya shahidi. Ni aibu, ndiyo. Lakini aibu ya saa moja ni nyepesi kuliko miezi ya kutolala. Pengine ni kusema na mkuu wa shule. Shamba, waweza kupanda upya mbegu zikipatikana. Mvua haimo mkononi mwako, umwachie Mungu.

Na ninyi majirani, mkimwona mwenzenu ameketi kama Elia, msimpelekee jina la mchawi. Mpelekeeni ugali na maji, kaeni naye, mmsikilize bila haraka, hata akirudia maneno yale yale. Kama majuma mawili yamepita asipate nafuu, mfikisheni kwa mganga wa dispensari. Lakini akisema kwamba afadhali afe, msingoje hata siku moja, msicheke, wala msimkemee: mwiteni katekista, mpelekeni dispensari, na usiku huo mtu mmoja alale nyumbani mwake.