Vijana, Sili Isiwaponze

Wanangu mnaolala chini ya magari yenu wenyewe siku za mapumziko, naomba masikio yenu. Najua kinachowapeleka huko. Corolla ya mwaka 1998 ikianza kudondosha oili uani, gereji itakutoza ufundi unaozidi mara nyingi bei ya kipande chenyewe. Na kipande hicho ni sili, pete ya mpira tu yenye chuma ndani, inayokaa pale shafti inapotokeza nje ya injini. Mnaiona ndogo, mnashika bisibisi. Hapo ndipo nataka kuwashika mkono. Sili yenyewe ni rahisi. Vilivyo karibu nayo ndivyo vya ghali: uso wa shafti, mkanda wa taimingi, na kifua cha aliyelala chini.

Kwanza hakikisheni kwamba kinachovuja ni sili. Oili huteremka, kisha upepo wa mwendo huisukuma nyuma, kwa hiyo inapodondokea sipo lazima inapotokea. Kwenye 5A-FE, ile injini ya cc 1500 iliyobeba Corolla nyingi za miaka ya 1990, watu hushusha gia boksi wakifuata sili ya nyuma, kumbe kinachovuja ni pete ya mpira ya distributa, iliyo juu upande huohuo. Gasketi ya tapeti kava nayo huwapoteza watu vivyo hivyo kwa upande wa mbele. Osha injini, iache ikauke, nyunyiza poda ya mtoto sehemu unazozishuku, endesha mwendo mfupi, halafu mulika tochi. Njia ya oili itaonekana juu ya poda, nawe utaifuata mpaka chanzo chake.

Ukishajua ni sili, uliza imekufa kwa nini. Mpira uliokaa kwenye joto miaka ishirini hukakamaa, mdomo wake ukashindwa kuibana shafti. Huo ni uzee, na dawa yake ni sili mpya. Lakini injini nayo hupumua. Moshi unaopenya kando ya pistoni hushuka chini, na hutolewa kwa vali ndogo ya kupumulia, ambayo mara nyingi hukaa kwenye tapeti kava. Vali hiyo ikiziba kwa masizi, presha hukosa njia na huisukuma oili nje kupitia sili. Ichomoe, itikise sikioni. Ikiwa haigongi ndani, imeganda. Asiyeiangalia atabadilisha sili leo, na baada ya muda mfupi oili itakuwa inavuja tena, aanze kumlaumu muuza spea.

Wapo wanaosema kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi, waongeze oili wasonge mbele. Kwa sili za mbele, msiwafuate. Sili hizo ziko nyuma ya mkanda wa taimingi, na oili huulainisha mpira wa mkanda mpaka meno yake yanang'oka. 5A-FE ina bahati: mkanda ukikatika, vali hazigongani na pistoni, gari linazimika tu. Mwenye Hilux ya dizeli yenye injini ya 3L hana bahati hiyo. Kwake mkanda ukiruka meno, vali na pistoni hukutana, na sili ya bei ya chakula cha mchana imemletea kufungua kichwa cha injini. Kwa hiyo ukifungua mbele na mkanda ukaukuta umelowa oili, usiupanguse ukaurudisha. Weka mpya. Badilisha na sili ya shafti ya kemu papo hapo, hata kama bado ni kavu, maana sili hizo zina umri mmoja.

Kabla ya kulegeza mkanda, zungusha injini mpaka alama ya puli ikae kwenye sifuri na alama ya gia ya kemu ilingane na ya kwenye kichwa. Piga picha kwa simu, kisha chora alama zako mwenyewe kwa rangi. Ukishafunga mkanda, zungusha kranki kwa mkono raundi mbili kamili uangalie tena, kabla hujagusa swichi. Na ule ujanja wa kuegemeza spana ardhini kisha kupiga stata ili bolti ya puli ilegee, uacheni. Spana ikiteleza haichagui pa kwenda. Tafuteni chuma cha kuzuia puli, au azimeni kwa fundi wa jirani.

Sasa kuitoa. Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani huharibika. Kijana huingiza bisibisi kati ya sili na shafti, anakandamiza, sili inatoka, anafurahi. Shafti imebaki na mkwaruzo mwembamba usioonekana vizuri, lakini ukipitisha ukucha unakwama. Mdomo wa sili mpya utapita juu ya mkwaruzo huo maelfu ya mara kwa dakika, na oili itapata mfereji wake. Kata kwanza mdomo wa sili ya zamani kwa kisu, funga ncha ya bisibisi kwa tepu, kisha ichokoe kwa nje, mbali na shafti. Usiitupe mpaka mpya imekaa, kwa sababu vipimo vyake vimeandikwa usoni: tundu la ndani, upana wa nje, unene. Ukikuta shafti imechimbika duara pale mdomo wa zamani ulipokuwa ukisugua, sili mpya mara nyingi inaweza kukaa milimita moja ndani au nje ya pale, ili mdomo upate chuma kizima. Angalia tu usizibe njia ya oili.

Unapoiweka, upande wenye springi ndogo uangalie ndani ya injini. Paka grisi mdomoni, isipokuwa maelekezo ya sili yenyewe yanataka iingie kavu. Zile za PTFE huingia kavu. Gonga kwa kipande cha bomba chenye upana sawa na wa sili, polepole, pande zote kwa usawa. Nyundo ikipiga upande mmoja huipinda sili au huirusha springi, nawe hutajua mpaka uone tone.

Yote hayo hurekebishika kwa pesa. Gari likikuangukia halirekebishiki, na hili nalisema kwa uchungu. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Tofali la saruji huonekana imara, kisha hupasuka mara moja bila kutoa ishara. Tumia stendi mbili za chuma juu ya sakafu ngumu, kinga magurudumu yaliyobaki chini, sukuma tairi la akiba chini ya bodi, kisha litikise gari kwa nguvu kabla hujaingia. Mtu mzima awepo karibu. Kama huna stendi, kazi hiyo isubiri.

Sili ya nyuma, hiyo nawaomba muiache kwa gereji. Ili kuifikia lazima gia boksi ishuke, nayo ni mzigo mzito usiobebwa kifuani. Tena ndani ya nyumba ya klachi mna vumbi, na sahani za klachi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi hilo halipulizwi kwa mdomo wala kwa kompresa. Tone moja moja la usiku kwenye sili ya nyuma linaweza kungoja mpaka siku ya kubadilisha klachi, maana siku hiyo gia boksi itashuka tu. Mpaka hapo, pima oili kila asubuhi injini ikiwa baridi, ongeza inapopungua, na pesa ya klachi uanze kuiweka kando.