Nani Ampimaye Mpimaji?

Shahidi asimamaye barazani huulizwa maswali: alikuwa wapi, aliona nini, na mwanga ulikuwaje. Mpimaji wa maabara naye ni shahidi, lakini ushahidi wake haufuatwi na maswali. Mgonjwa hakukiona kilichoonekana katika hadubini, wala tabibu hakukiona. Wote wawili husadiki karatasi. Neno moja lililoandikwa juu yake laweza kumpa mtu dawa asiyoihitaji, au kumnyima ile aihitajiyo. Kwa hiyo si upuuzi kuuliza: nani ampimaye mpimaji?

Swali hili lina uzito wake Sikonge, kusini mwa Tabora. Huko ni nchi ya miombo, na miombo ina riziki na ina hatari. Mrina asali aingiapo mwituni hukutana na nyuki, tena hukutana na mbung'o, aenezaye malale. Arudipo nyumbani na homa, homa hiyo haina chapa usoni. Huenda ni malaria, huenda ni malale, na huenda si hii wala ile. Livingstone na Stanley walipokaa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872, hapakuwa na mtu duniani aliyekwisha kukitambua kimelea cha malaria. Laveran alikiona huko Aljeria mwaka 1880. Ujinga wa wasafiri wa misafara haukuwa na lawama. Wa leo unayo.

Tone la damu likitandazwa juu ya kioo na kutiwa rangi laweza kuonyesha vimelea vya malaria ndani ya chembe nyekundu, au vimelea vya malale kati ya chembe hizo. Mwanafunzi aliyefundishwa kutafuta malaria tu, hutafuta malaria tu. Akiikosa, huandika kwamba hakuna kitu. Kipimo cha haraka cha malaria kimeleta faraja kubwa vijijini, lakini hujibu swali moja. Juu ya malale hakina la kusema. Si bure kwamba kituo cha Tabora cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kimeshughulika na malale kwa miaka mingi.

Madhara ya kukisia yamekwisha kuhesabiwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2004, uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya Tanzania, uliwatazama wagonjwa 4,474 waliolazwa kwa malaria kali. Vimelea vilionekana katika damu ya asilimia 46.1 tu. Kati ya waliokuwa navyo, asilimia 6.9 walikufa, kati ya wasiokuwa navyo, asilimia 12.1. Jina la malaria lilikuwa limewafunika hao, na maradhi yao ya kweli yakakaa chini yake.

Hapa ndipo mwalimu wa elimu ya maabara aingiapo. Kwa desturi yeye huwapima wanafunzi, akawapa vyeti. Utafiti juu ya ufundishaji humgeuzia kipimo mwenyewe. Wanafunzi hupewa vioo ambavyo majibu yake yanajulikana lakini yamefichwa: vingine vina malaria, vingine malale, vingine havina kitu. Yaliyoandikwa hulinganishwa na yaliyopo, mwisho wa mafunzo, na tena baada ya miezi ya kazi. Wengi wakikosea mahali pamoja, kosa si lao peke yao. Ni la somo. Na kwa kuwa mwamba ngoma huvutia kwake, ni afadhali vioo hivyo vitayarishwe na mwalimu wa chuo kingine.

Wako wasemao kwamba kazi ya mwalimu ni kufundisha, si kutafiti. Na kwamba mwanafunzi hakuja chuoni kuwa kitu cha kujaribiwa. Neno la pili ni la haki. Mwanafunzi hana budi aombwe ridhaa, aweze kukataa bila ya kuhofia alama zake, na makosa yake yasitangazwe kwa jina. Lakini neno la kwanza lina udanganyifu ndani yake. Kila mwaka mwalimu hujaribu njia yake juu ya darasa jipya, apende asipende. Mwenye kutafiti huangalia matokeo. Asiyetafiti naye anajaribu, ila gharama humwachia mtu mwingine.

Mtu huyo hayumo darasani. Yuko njiani kutoka mwituni, na mzigo wake wa asali na homa yake. Hatajua mpimaji alisoma wapi, wala nani alimfundisha. Hana namna ya kuuliza maswali ambayo shahidi huulizwa barazani. Ni wajibu wa mwalimu kuyauliza kwa niaba yake, kabla cheti hakijatiwa sahihi. Na mpimaji aliyelelewa hivyo, akikosa kitu katika kioo, ataandika kwamba hakukiona. Hataandika kwamba hakipo. Tofauti ya maneno hayo mawili ni ndogo kwenye karatasi, lakini humwachia tabibu mlango wa kutafuta tena.